Mbiu ya mgambo mgongoni

Maji ya bamvua yanapokupwa, wanawake wa Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo, huteremka kwenye mashamba yao ya mwani. Shamba ni vigingi na kamba, na kazi yake yote ni ya kuinama: kufunga mbegu, kung'oa magugu, kuvuna, kisha kubeba mzigo unaochuruzika maji ya chumvi hadi nchi kavu kabla bahari haijarudi. Ukivuka Mto Wami na kufika Saadani, migongo inainamia mambo mengine. Kuna majaruba ya chumvi, kuna nyavu za wavuvi wa kambamiti, kuna jembe. Saadani inajulikana kwa hifadhi yake ya taifa, iliyotangazwa mwaka 2005, ya pekee Tanzania Bara inayopakana na Bahari ya Hindi, na wageni huja kutazama tembo na mawimbi kwa safari moja. Habari za viuno vya wenyeji hazisimuliwi sana.

Lakini zipo. Watafiti waliowahoji wakulima wa mwani wa Zanzibar, wakachapisha matokeo yao mwaka 2012, waliandika juu ya uchovu, macho kuwasha, njaa ya kutwa nzima majini, na maumivu ya mgongo na viungo. Anayefanya kazi hiyo hiyo upande huu wa bahari hahitaji kusoma utafiti huo ili auamini. Maumivu yanayodumu au kurudi-rudi kwa zaidi ya miezi mitatu wataalamu huyaita maumivu sugu, na orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyoanza kutumika Januari 2022, inayapa nafasi yake yenyewe, hata pale ambapo hakuna ugonjwa mwingine ulioonekana. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa wanaumwa kiuno. Hakuna tatizo la mwili linalowaweka watu wengi zaidi nje ya kazi na shughuli zao.

Mwenye kiuno kinachouma pwani hufuata njia inayojulikana. Huanza na kukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa mafuta. Wengine huumikwa. Kisha ni duka la dawa: Panadol, halafu diclofenac, halafu diclofenac tena, mwezi baada ya mwezi, bila mtu kumwambia kwamba dawa hiyo ikimezwa kwa muda mrefu inaweza kuchimba vidonda tumboni na kuumiza figo. Akifika zahanati hupewa sindano na kuambiwa apumzike, neno ambalo kwa mtu anayekula kwa mgongo wake halina maana. Akiwa na fedha hununua mkanda wa kiuno. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unasema mikanda hiyo isitolewe kama tiba ya kawaida, wala dawa za jamii ya mofini zisitolewe kwa tatizo hilo. Unachopendekeza ni elimu, mazoezi, tiba za viungo, tiba zinazomsaidia mtu kwa upande wa akili na hisia, na dawa za aina ya diclofenac pale zinapofaa. Vinne vya mwanzo havipatikani kirahisi Saadani. Cha mwisho kinapatikana hadi kwenye duka dogo la kijijini.

Hapa ndipo miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na kumwingiza mtu ndani ya picha zinazomzunguka, inapoingia, na inastahili kusikilizwa kwa makini kabla ya mtu kuipuuza kama anasa ya matajiri.

Tarehe 16 Novemba 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kifaa kiitwacho EaseVRx kwa watu wazima wenye maumivu sugu ya kiuno. Mgonjwa hukivaa machoni nyumbani kwake, kila siku kwa wiki nane. Vipindi ni 56, kifupi zaidi dakika mbili, kirefu zaidi dakika 16. Ndani ya miwani anafundishwa namna maumivu yanavyotengenezwa, namna ya kupumua taratibu, namna ya kuhamisha mawazo na kulegeza misuli. Kifaa hunasa pumzi yake na kumwonyesha kwenye picha iliyo mbele yake, hivyo anaona kwa macho jinsi mwili wake unavyotulia. Katika jaribio la watu 179 lililotangulia idhini hiyo, asilimia 66 ya waliotumia programu hiyo walisema maumivu yamepungua kwa zaidi ya asilimia 30. Kundi la pili lilivaa miwani ile ile, likaonyeshwa picha bapa zisizo na mafunzo. Huko waliopata nafuu ya kiwango hicho walikuwa asilimia 41.

Vipi picha na pumzi vimguse mtu aliyeumia mgongo?

Jibu lilianza kujengwa mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walipoeleza kwamba habari ya maumivu haipandi moja kwa moja kutoka kwenye jeraha hadi kichwani kama maji ndani ya bomba. Katika uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na ubongo wenyewe unaweza kuteremsha amri ya kulifungua zaidi au kulifinya. Hofu hulifungua. Kukosa usingizi hulifungua. Utulivu na mawazo yaliyoshikwa na jambo jingine hulifinya. Kiswahili kina picha iliyo bora kuliko lango: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Maumivu ya ghafla ndiyo mbiu hiyo, na mwenye akili huitikia. Kwa wengi wenye maumivu sugu jambo lilikwisha zamani, msuli ulipona, mfupa uliunga, lakini mpiga mbiu amezoea kupiga na hanyamazi. Anapiga kwa mguso mdogo, kwa baridi, kwa wasiwasi wa ada za shule. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa. Anayemwambia mama wa Mlingotini kwamba yapo kichwani mwake tu amemkosea heshima na pia amekosea sayansi. Mpiga mbiu yumo ndani ya mishipa ya fahamu na ubongo, na kuna njia za kumfundisha kutulia.

Ushahidi wa kwanza wa miwani ulitoka kwa watu walioungua moto. Katika miaka ya 1990, Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walianza kazi iliyozaa mchezo ulioitwa SnowWorld. Mgonjwa ambaye vidonda vyake vinaoshwa, kazi inayowaliza watu wazima hata wakiwa na mofini mwilini, alijiona anapita katika bonde la barafu akirusha mabonge ya theluji. Walipopiga picha za ubongo za watu waliochomwa joto la kipimo kwa ajili ya utafiti, wakachapisha matokeo mwaka 2004, waliona sehemu zinazohusika na maumivu zikipunguza shughuli zake wakati mtu yumo mchezoni. Ilikuwa mara ya kwanza nafuu hiyo kuonekana kwenye picha, badala ya kutegemea neno la mgonjwa peke yake.

Sasa theluji hiyo ifikirie Saadani. Kwa mtu wa Seattle theluji ni kinyume cha moto, na ndiyo maana ilichaguliwa. Kwa mtoto wa pwani aliyemwagikiwa uji, theluji ni kitu cha kwenye televisheni. Wepesi watasema basi iwekwe bahari, na kweli bahari ndiyo picha inayopendwa na watengenezaji wa programu hizi: mawimbi, mchanga, machweo. Mjini Oakland, Marekani, kundi dogo la vijana wenye selimundu waliopatwa na maumivu makali lilionyeshwa mandhari ya chini ya bahari kwa miwani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha nafuu baada ya kipindi kifupi tu. Lakini kwa mvuvi wa kambamiti bahari ni mahali pa kazi. Ndiko kiuno kilikoumizwa, ndiko labda ndugu alikozama. Ukimfumba macho na kumrudisha majini, hujampumzisha. Huenda mapumziko yake ni baraza yenye kahawa baada ya swala ya alasiri, au kivuli cha mwembe, au ngoma anayoijua tangu utotoni. Hakuna mtaalamu wa California anayeweza kulijua hilo kwa niaba yake. Ni lazima aulizwe.

Hiyo ndiyo hoja inayopaswa kusukumwa kwa nguvu. Kilicho na thamani ndani ya miwani hii ni mafunzo, na mafunzo hayahitaji kusubiri miwani. Mtafiti Beth Darnall wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeshiriki kwenye utafiti wa programu hizi za miwani, ndiye pia aliyeandaa darasa moja la saa mbili kwa watu wenye maumivu sugu ya kiuno. Mkufunzi husimama mbele ya watu, huwaeleza maumivu ni nini, huwafundisha kutulia na kupanga mwenendo wao. Jaribio la watu 263 lililochapishwa mwaka 2021 lilionyesha kwamba miezi mitatu baadaye waliohudhuria darasa hilo moja hawakuwa nyuma ya waliopitia vipindi vinane vya tiba ya mazungumzo. Saa mbili na mkufunzi mmoja. Darasa la namna hiyo linaweza kufanyika chini ya mti kwenye uwanja wa zahanati.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Darnall na wenzake waliwahi kulinganisha mafunzo yanayotolewa ndani ya miwani na mafunzo hayo hayo yakisikilizwa kwa sauti tu, kwa siku 21, na wenye miwani walipata nafuu kubwa zaidi. Jicho linaongeza kitu ambacho sikio peke yake halifikii. Lakini katika jaribio la EaseVRx mmoja kati ya watano hivi alisema kifaa kinamsumbua usoni, na karibu mmoja kati ya kumi alipata kizunguzungu cha safari na kichefuchefu. Kifaa kina faida, kina kasoro, na kina bei. Miwani ya Meta Quest 3S, ya bei ya chini katika jamii yake, ilianza kuuzwa Oktoba 2024 kwa karibu dola 300 za Marekani, kama shilingi laki nane za Kitanzania kwa wakati ule kabla ya kodi na usafiri. Inahitaji umeme, intaneti na mtu wa kuitunza isiingie chumvi na mchanga.

Zaidi ya bei kuna hatari ya kuegemea kampuni moja. Pear Therapeutics ya Marekani ilikuwa ya kwanza kupata kibali cha FDA kwa programu ya simu inayoandikwa na daktari kama dawa, mwaka 2017. Aprili 2023 ilifilisika, kwa sehemu kubwa kwa sababu kampuni za bima hazikukubali kulipia. Ujerumani ilichukua njia tofauti: sheria ya mwaka 2019 iliziruhusu programu zilizothibitishwa kulipiwa na bima ya afya ya umma, na za maumivu ya mgongo zimo kwenye orodha. Tanzania, iliyopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, ina nafasi ya kuamua kama darasa la maumivu na tiba ya viungo vitapewa uzito kwenye kitita cha bima, au kama bima itaegemea vidonge na sindano. Uamuzi huo una uzito kuliko kununua miwani mia.

Na nchi haianzi sifuri. Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye jengo la Wajerumani linalotazama bahari jijini Dar es Salaam, imeshafanya jambo lililo karibu sana na hili. Wagonjwa wengi wa saratani wakiruhusiwa kurudi makwao hupotea machoni mwa madaktari, na maumivu huwakuta mbali na mofini na mbali na ushauri. Wataalamu wa taasisi hiyo na wenzao wa Marekani walitengeneza mfumo wa simu uitwao mPalliative Care Link. Mgonjwa huulizwa hali yake kwa maswali mafupi, majibu yanawafikia wataalamu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, na mhudumu wa afya aliye karibu naye anajua la kufanya. Matokeo ya majaribio yake yalichapishwa mwaka 2021. Maswali yalitokana na kipimo kilichotungwa kwa ajili ya Afrika kupitia chama cha tiba shufaa cha Afrika chenye makao Kampala, kipimo kinachokwenda kutoka sifuri hadi tano. Mtu asiyejua kusoma hujibu kwa mkono wake: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Teknolojia ya juu na mkono wa binadamu zimekutana hapo vizuri kuliko kwenye maabara nyingi.

Mfumo huo uliwalenga wagonjwa wa saratani. Mama wa mwani na mfanyakazi wa chumvi hawajapata wao. Wanachohitaji kinaweza kuanza na simu ya kitochi: namba ya bure inayopigwa, sauti ya Kiswahili inayofundisha kupumua, kunyoosha mgongo kabla ya kushuka majini, kugawa kazi vipande badala ya kuimaliza kwa pumzi moja kisha kulala siku tatu. Watanzania wameshazoea namba ya namna hiyo. Mfumo wa m-mama, ulioanza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, huwaitia wajawazito usafiri wa dharura kwa namba 115 bila malipo. Upande wa watu, serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Wakifundishwa chanjo na lishe peke yake, nafasi itakuwa imepotea. Saa chache za somo la maumivu sugu, pamoja na kumtambua yule ambaye mgongo wake una hatari ya kweli, kama vile mwenye ganzi sehemu za siri, anayeshindwa kuzuia mkojo, mwenye homa au anayekonda bila sababu, zingewafikisha wengi hospitali kwa wakati na kuwaokoa wengi na vidonge visivyo na mwisho.

Miwani nayo ina mahali pake, na mahali hapo ni wodini. Wodi ya walioungua. Kliniki ya selimundu, katika nchi inayokadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka. Chumba cha tiba ya viungo ambako aliyekatwa mguu bado anaumwa na mguu usiokuwapo. Miwani miwili mitatu inayotumiwa na wagonjwa wengi kwa zamu ina gharama inayobebeka, hasa programu ikiwa ya wenyewe.

Na programu ya wenyewe inaweza kutoka Bagamoyo. Hili lisemwe bila kusita. Mji huo una Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo kituo chake jirani na hospitali ya wilaya kilishiriki majaribio makubwa ya chanjo za malaria, RTS,S na baadaye R21, chanjo zinazotumika Afrika leo. Watu wanaojua kuendesha jaribio la haki, kuomba ridhaa ya mshiriki kwa Kiswahili kinachoeleweka na kufuatilia kaya moja moja hadi vijijini wapo pale tayari. Umbali mfupi kutoka hapo ipo TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, chenye wapiga ngoma, waigizaji, wachoraji na wasimulizi. Duniani kuna miji michache yenye maabara ya majaribio ya tiba na chuo cha sanaa vikiwa jirani kiasi hicho. Sauti ya kumwongoza mgonjwa apumue itoke kwa msimulizi wa pale. Mdundo wa kupumulia upigwe na mpiga ngoma wa pale. Ikipimwa Mlingotini na Saadani, ikionekana haifai, iachwe. Ikifaa, iwe mali ya umma. Na kwa kuwa miwani hurekodi mwendo wa kichwa na wakati mwingine wa macho, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 izingatiwe tangu siku ya kwanza.

Liko jambo moja linalopaswa kulindwa kwa wivu: mofini kwa wanaoihitaji. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata sehemu ya moja ya kumi ya tani moja. Kwa mwenye saratani iliyofika mifupani au aliyevunjika paja, hakuna picha wala pumzi inayochukua nafasi ya mofini. Uganda ilionyesha njia: hospisi ya Dk. Anne Merriman, iliyoanza Kampala mwaka 1993, ilieneza mofini ya kunywa ya bei nafuu, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika. Tanzania nayo ina historia yake ya tiba shufaa Ocean Road na katika hospitali za Muheza na Selian. Siku mtu atakaposimama kwenye mkutano na kusema miwani imepunguza haja ya kununua mofini kwa wagonjwa hao, apingwe hapo hapo.

Kazi ya kwanza, kabla ya kamera na kompyuta, ni ya daftari. Programu za Kiingereza humwuliza mgonjwa achague neno la maumivu yake kwenye orodha, na orodha hiyo ikitafsiriwa ofisini Kiswahili chake hakitajulikana ufukweni. Pwani husema mgongo unachoma, unavuta, unawaka moto. Jipu linapwita, kichwa kinawanga, tumbo linakeketa, mguu umekufa ganzi. Kila neno linamweleza daktari jambo tofauti: kinachowaka na kufa ganzi huenda ni mshipa wa fahamu, kinachovuta huenda ni msuli. Wazee wa Kizigua na Kikwere wanayo maneno yao mengine. Mtu aende Saadani na Mlingotini siku za maji mafu, wakati wanawake wa mwani hawashuki shambani na wana nafasi ya kukaa, aketi nao mkekani, aulize wanaumwa vipi, aandike kama wanavyosema.